Mzee Aliyesimama Nyuma ya Kiti

"Vaileth, samahani, hebu mwambie mzee apishe kidogo. Anatuchanganya."

Aliyesema hivyo alikuwa Magreth, msimamizi wake wa kazi, akiwa Dar es Salaam, kwenye kikao cha mtandaoni cha asubuhi. Vaileth akageuka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe alioupaka kwa mkono wake mwenyewe, rafu mpya, chungu chenye mmea na mlango uliofungwa. Mzee hakuwepo. Nyumba nzima siku hiyo haikuwa na mwanamume hata wa dawa.

"Mzee gani?" akauliza.

"Huyo mwenye kofia, nyuma ya kiti chako. Ah, ameshatoka. Haya, tuendelee."

Vaileth alikuwa ameitegesha kamera ifunike kila kitu nyuma yake kwa ukungu, mtu aonekane yeye tu. Akajisemea kwamba kamera imeona rafu ikadhani ni mtu, akaendelea na kikao huku amenuna. Alikuwa na haki ya kununa. Ofisi ile ilikuwa imemtoa jasho, na sasa ilianza vituko kabla hata rangi haijakauka vizuri.

Tuelewane kidogo kuhusu hiyo ofisi, maana Vaileth aliihangaikia kuliko wengine wanavyohangaikia harusi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na watafiti na kuyaandika neno kwa neno. Kampuni ilimkubalia aifanyie nyumbani kwa majaribio. Kazi ikiwa safi, atabaki nyumbani moja kwa moja. Ikilegalega, atarudi Dar kwenye chumba cha kupanga, na Agnela, binti yake ambaye hata chekechea hajaanza, atabaki mlimani na bibi yake kama alivyobaki mwaka uliopita. Huo mwaka uliopita ndio uliomuuma. Alirudi likizo akakuta mtoto aliyemzaa mwenyewe anamwita anti.

Nyumba ilikuwa ya wakwe zake, kijijini Songoro, juu ya Usa River, katikati ya migomba na kahawa. Mumewe Brayson ni dereva wa watalii, leo yuko Serengeti, kesho Tarangire. Baba mkwe, mzee Anaeli, alishafariki. Aliyebaki ni mama mkwe, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Elinipa kwa jina la mtoto wake wa kwanza aliyefariki mdogo. Vaileth hakuwahi kuuliza alifariki vipi. Wazazi wake mwenyewe ni Wameru, lakini alikulia Temeke, na mambo ya mlimani aliyajua kwa kipimo cha likizo za Krismasi.

Chumba alichopewa kilikuwa cha marehemu mzee. Mama mkwe alimkabidhi ufunguo akiwa amesimama koridoni, mbali kidogo.

"Chukua, mama Agnela. Fanya utakavyo. Mimi humo siingii."

Vaileth alikuwa amesoma mtandaoni jinsi ofisi ya nyumbani inavyotakiwa kuwa. Mwanga utoke ubavuni. Viwiko viwe sawa na meza. Mlango ufungwe, na watu wa nyumbani wafundishwe kuuheshimu. Pawe pia na kitu cha kijani cha kupumzisha macho. Meza alichongesha kwa fundi wa Kikwe, akamrudishia mara mbili kwa sababu ilikuwa inacheza. Kiti cha ofisi, kile cha kuzunguka, alikinunua cha mtumba sokoni Kwa Mrombo baada ya kukalia kila kiti kilichokuwepo na kumchosha muuzaji, akakipandisha mlimani kwenye bodaboda. Mmea ndio haukumsumbua. Kununua ua kwenye mlima uliojaa majani aliona ni wazimu.

Masale, ile mimea ya majani marefu membamba, yako kila kona huko, yanapandwa mipakani na makaburini, na hilo Vaileth alilijua. Lakini kulikuwa na sale moja limesimama peke yake karibu na geti la zamani, lile lililozibwa kwa miiba. Hapakuwa mpakani wala kaburini. Akaona ni la bure. Akaling'oa na mizizi yake, akalipanda kwenye chungu, akaliweka ofisini, na macho yake yakapumzika kweli kwa siku moja.

Kisha ofisi ikaanza kukohoa.

Alikuwa anasikiliza mahojiano ya mkulima mmoja wa mpunga, hedifoni zimeziba masikio, ndipo akasikia mtu anajikohoza, taratibu, kwa adabu, kama mgeni aliyefika mlangoni na hataki kubisha. Akadhani ni mkulima. Akafungua mahojiano mengine, ya mama muuza samaki. Mtu yule yule akajikohoza. Akavua hedifoni. Chumba kimya. Akavaa tena. Akajikohoza.

Siku zilizofuata Magreth akaanza kumrudishia kazi.

"Dada, hapa umeandika 'nimekuja tena'. Nani kasema hivyo?"

"Yumo kwenye sauti, Magreth. Sikiliza vizuri."

"Nimesikiliza mimi, amesikiliza na mwenzangu. Hakuna. Na ukurasa wa chini umeandika 'nimesimama hapa'. Vaileth, unachoka?"

Hakuwa amechoka. Alikuwa ana hasira. Akanunua hedifoni nyingine. Akasogeza meza dirishani, halafu akairudisha ukutani. Akahamisha kifaa cha mtandao. Akapachika pazia zito ili kuzuia mwangwi. Kila alichorekebisha kilichukua nusu siku ya kazi, na kila alipomaliza akakaa, kikohozi kilikuwa karibu zaidi ya jana. Hapo ikaongezeka harufu. Ilikuwa harufu ya ugoro na ya udongo mbichi, ule wa shambani baada ya maji kupita. Alipiga deki kwa sabuni, akarudia kwa dawa ya chooni, akafungua madirisha, akaganda kwa baridi ya Julai, na harufu ikabaki pale pale nyuma ya kiti.

Chini ya harufu hiyo ndipo alipoziona nyayo. Zilikuwa mbili, kubwa, za mtu asiyevaa viatu, zimelowa, zimesimama sambamba. Hazikutoka mlangoni wala hazikwenda popote. Alizifuta. Baada ya chakula cha mchana zilikuwepo.

Akampigia simu mumewe, akimnong'oneza kana kwamba kuna mtu wa kumsikia.

"Brayson, humu ndani kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kinanuka ugoro."

"Mke wangu, hiyo ni kazi imekuzidi. Na hizo sauti ni mtandao tu. Badilisha bando."

Vaileth akakata simu. Kuna wakati mtu hataki kuogopa kwa sababu hana nafasi ya kuogopa, ana kazi ya kuwasilisha jioni, na yeye alikuwa hapo. Alikuwa hajui kama alie au atukane.

Mama Elinipa ndiye aliyetaja chanzo, jikoni, huku anamenya ndizi na bila kuinua macho.

"Ni kiti."

"Kiti gani, mama?"

"Hicho cha Kwa Mrombo. Unajua alikikalia nani? Mizee ya mijini inafuga majini ya kutafutia mali. Ikifa, watoto wanauza viti. Wewe ukabeba jini ukalipandisha mlimani kwa bodaboda."

"Mama, sisi si Walutheri?"

"Jini halijali dhehebu."

Vaileth alikipenda kile kiti. Ndicho kitu pekee katika ofisi ile kilichokuwa kinamtendea haki. Lakini mama mkwe akishasema, amesema. Akaitwa mwinjilisti Prosper, akaja na kina mama wawili wa kwaya, wakaimba koridoni, wakasali kwa sauti ya juu, wakakitoa kiti nje na kukichoma nyuma ya zizi. Sponji iliwaka kwa moshi mweusi, ng'ombe akakohoa kutwa. Vaileth alisimama pale akikiangalia kiegemeo kinavyoyeyuka.

"Ofisi yako sasa iko salama," akasema mwinjilisti, akanawa mikono, akala ndizi nyama, akaondoka.

Vaileth akabeba benchi la jikoni, akaweka mto juu yake, akakaa. Mgongo ukaanza kuuma kabla hajafungua kompyuta. Nje ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani tangu saa sita, mzito, umefunika migomba yote, na chumba kikawa na giza la magharibi wakati ni mchana. Akavaa hedifoni. Akabonyeza.

Na safari hii kikohozi hakikutoka kwenye hedifoni. Kilitoka nyuma ya shingo yake, karibu kiasi cha kuhisi pumzi, pumzi baridi yenye ugoro ndani yake, na pamoja na pumzi hiyo maji yakawa yanadondoka sakafuni, tone baada ya tone, kama nguo iliyoanikwa bila kukamuliwa, na sauti ya mzee, ya chini, ya mtu aliyekwisha kusema neno hilo hilo mara nyingi mno, ikasema kwa Kimeru kwamba amekuja tena.

Vaileth akapiga yowe.

Mama Elinipa alikuja mbio. Mlangoni alisita, kisha akaingia chumba ambacho hakukiingia tangu mumewe atolewe humo. Hakumwangalia Vaileth. Aliangalia chungu.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Lipi, mama?"

"Usiniulize lipi. Hilo sale."

"Pale geti la zamani. Niliona ni la bure."

Mama Elinipa akakaa sakafuni pale pale.

"Wewe Mmeru wa wapi wewe?" akasema taratibu. "Huko Dar hawakukufundisha? Sale ndiyo samahani. Mtu akikukosea, hata akiwa amekuulia ndugu, akija na sale mkononi unapokea. Ukipokea, yamekwisha. Usipopokea, linabaki nje, na aliyelileta anabaki nje nalo. Na wewe umemwingiza ndani."

"Nani, mama?"

"Ndesanjo. Mdogo wake mume wangu." Akasikiliza, akashusha sauti zaidi. "Mfereji ule wa chini ulikuwa mkavu, haikuwa zamu yetu ya maji wala zamu yake. Elinipa wangu alikuwa amezoea kuchezea humo. Ndesanjo akafungulia maji kwa wizi, anyweshee kahawa. Alikuwa pale pale juu. Alimsikia mtoto analia, mama Agnela. Alimsikia. Akanyamaza, asijulikane kuwa ndiye mwizi wa maji."

"Mlijuaje?"

"Alikiri mwenyewe siku aliyoleta sale. Baba yenu alitaka kulipokea. Mimi nikamwambia, ukilipokea tu narudi kwa baba yangu. Basi Ndesanjo akalichomeka pale getini. Akawa anakuja kila siku, anasimama, anajikohoza, anasubiri aambiwe karibu. Mpaka akaugua akafa. Likachipua. Mimi nikaziba geti."

Kuna jambo lilimchoma Vaileth.

"Mama. Hii harufu ya ugoro uliijua tangu mwanzo?"

"Niliijua."

"Na kiti changu?"

"Nilitaka iwe kiti," akasema Mama Elinipa.

Vaileth akainuka. Alibeba chungu, akatoka nacho kwenye ukungu, akakitua getini, akarudi. Nyayo zilikuwa pale pale, zimelowa.

"Hawezi kutoka hivyo," akasema mama mkwe. "Ameshaingia. Atatoka akijibiwa."

Sasa hapa Vaileth alikosea, na alikosea kwa sababu kesho yake ndiyo siku ya kikao cha tathmini, Magreth angemwambia abaki au arudi. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamshika mikono.

"Basi mjibu, mama. Mwambie umemsamehe. Ni neno moja tu. Kesho napimwa kazini."

Mama Elinipa akaichomoa mikono yake.

"Unataka nimsamehe aliyemwacha mwanangu afe," akasema, "ili ofisi yako itulie?"

Akainuka kwa kushikilia ukuta, akatoka. Hawakusemeshana tena mpaka asubuhi, na asubuhi yenyewe walisalimiana tu. Shikamoo mama. Marahaba.

Kikao kilikuwa saa tisa mchana. Vaileth alijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Alivaa blauzi ya kazini, akaweka mito miwili kwenye benchi, akafunga mlango kwa komeo, akavaa hedifoni mpya zile za kuziba kila sauti. Alikuwa ameshaamua. Jini, mzimu, vyovyote litakavyoitwa, litakohoa mpaka lichoke, yeye leo hageuki.

Mama mkwe alipita koridoni na panga na kamba.

"Mama Agnela, nakwenda kukata majani ya ng'ombe. Mtoto yuko sebuleni, umsikilizie."

Vaileth aliona kwenye mwanga wa chini ya mlango kwamba mtu amepita. Hakusikia neno hata moja.

Magreth alianza vizuri. Alisema kazi ya siku za mwanzo ilikuwa ya kupigiwa mfano. Alisema wote walitaka Vaileth abaki. Kisha akasema "lakini", na hapo hapo nyuma ya benchi mtu akajikohoza.

Vaileth akakaza macho kwenye kioo.

"Lakini wiki hizi za karibuni," Magreth akaendelea, "kuna maneno ambayo..."

Kikohozi tena. Hakikuwa cha adabu safari hii. Kilikuwa cha haraka, cha mtu anayekatiza mazungumzo. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba kizima. Vaileth akaongeza sauti ya hedifoni.

"Vaileth," Magreth akasema, na uso wake ukabadilika. "Yule mzee yupo."

"Ni kamera, Magreth. Endelea tu, tafadhali."

"Amelowa."

"Ni kamera."

"Vaileth, geuka. Amenyoosha mkono. Anaonyesha mlango."

Akaongeza sauti mpaka mwisho, masikio yakamuuma, na bado chini ya sauti ya Magreth alikuwa anamsikia, hakuwa anakohoa tena, alikuwa anaguna, analia kwa kukoroma kama ng'ombe aliyekabwa na kamba, na meza ile aliyomrudishia fundi mara mbili ikaanza kucheza, kikombe kikaanguka, pazia likapepea na dirisha limefungwa, maji yakawa yanatiririka chini ya benchi na kuzilowesha soksi zake, na yeye Vaileth, badala ya kugeuka, badala ya kujiuliza mzimu uliosubiri miaka yote hiyo kwa upole una haraka gani leo, alikuwa anang'ang'ania tabasamu mbele ya kamera na kusema samahani, samahani, mtandao wetu huku una matatizo, mpaka mikono miwili yenye tope ilipozing'oa hedifoni kichwani pake na kuzibamiza ukutani.

Akaruka. Hapakuwa na mtu.

"Unataka nini kwangu?" akafoka, machozi yanamtoka kwa hasira. "Aliyekukataa si mimi! Toka! Niache nifanye kazi!"

Ukimya ukaingia. Na katika ukimya huo, kwa mara ya kwanza tangu saa tisa, akaisikia nyumba yake. Sebuleni televisheni ilikuwa inaimba nyimbo za katuni. Hakuna mtoto aliyekuwa anaimba nayo.

Nyayo zilikuwa zimeondoka nyuma ya benchi. Kwa mara ya kwanza zilikuwa zinakwenda mahali. Zilipita chini ya mlango. Vaileth alihangaika na komeo, akafungua, akazifuata koridoni, sebuleni, jikoni, mlango wa nyuma uko wazi, zimeachana mbali mbali sasa, nyayo za mtu anayekimbia. Zikaingia kwenye migomba. Zikateremka kuelekea mfereji, ambao ulikuwa mkavu wiki zote hizo kwa sababu wazee wa maji walikuwa wanatengeneza banio la kuingizia maji huko juu, na ambao yeye sasa aliusikia unavuma kabla hajauona.

Maji yalikuwa yamefunguliwa. Mfereji umejaa mpaka kwenye majani.

Agnela alikuwa amekaa ukingoni, amelowa chepe chepe, anatapika maji, analia bila sauti. Vaileth alimbeba, akampiga mgongo, akamkumbatia, akamwita jina mpaka sauti ikamkauka.

"Nilikugongea," mtoto akasema alipopata pumzi. "Hukufungua."

"Nani amekutoa kwenye maji?"

"Babu amenivuta."

"Babu gani, mwanangu?"

"Babu wa ofisini."

Juu ya kiwiko cha kushoto, kwenye ngozi ya mtoto, kulikuwa na alama za vidole vinne na gumba. Zilikuwa nene, nyeusi kwa tope, na tope lilipofutwa kwa kanga zilibaki zimevilia damu.

Mama Elinipa alifika mbio, ametupa mzigo wa majani njiani. Aliuona mfereji, akamwona mtoto, akaiona ile alama ya mkono. Akaweka vidole vyake mwenyewe juu ya zile alama, kimoja kimoja. Vyake vilikuwa vidogo.

"Kumbe anajua kuvuta," akasema.

Akakamua maji kwenye nguo ya mtoto.

"Nilikwambia umsikilizie mtoto," akasema tena, bila kuinua macho.

Vaileth angeweza kusema hakusikia, na ingekuwa kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine alilolisikia vizuri sana, na halikumkaa kifuani.

"Mama, alinipigia kelele," akasema. "Yule mzee. Alipiga kelele mpaka meza ikatikisika. Nilimsikia. Nikaongeza sauti ya hedifoni."

Mama Elinipa akainua macho sasa. Alimtazama mkwewe kama anavyotazamwa mtu aliyesimama getini. Kisha akamchukua mtoto, akambeba mgongoni kwa kanga yake, akapanda naye nyumbani.

Vaileth alibaki pale mpaka baridi ilipomwingia. Halafu akaenda geti la zamani, akakata tawi la lile sale, maana ndilo aliloliona, akaenda nalo nyumbani kwa mikono miwili. Mama mkwe alikuwa jikoni, mtoto amelala mapajani pake. Vaileth akapiga magoti kizingitini, akalinyoosha lile tawi.

Nyuma yake mtu akajikohoza. Mara moja tu, kwa adabu.

Mama Elinipa aliwaangalia wote wawili. Aliangalia kizingiti, akaangalia juu ya bega la Vaileth, mahali ambapo mtu mrefu mwenye kofia angekuwa na uso. Alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, akalishika tawi.

"Ndesanjo," akasema. "Nimepokea. Pita, shemeji."

Kitu baridi kikampita Vaileth begani, kikaingia jikoni. Moto wa mafiga ukainama kidogo, ukainuka. Harufu ya ugoro ikapungua, ikapungua, ikaisha. Vaileth akapumua. Akanyanyua goti moja ainuke.

"Huyo nimempokea," akasema Mama Elinipa. "Wewe bado."

Siku ya pili Magreth aliandika. Hakuuliza habari ya mzee, aliandika tu kwamba wamekubaliana Vaileth abaki, afanyie kazi nyumbani moja kwa moja. Brayson akaleta kiti kipya cha ofisi, kizuri kuliko kile cha Kwa Mrombo. Chumba kina mwanga, kimya, hakuna harufu, sakafu kavu. Kazi zinaenda Dar bila kosa hata moja. Mtu akitaka kuiga ofisi ya nyumbani, aiige ile.

Agnela analala kwa bibi yake siku hizi. Sale lilikubaliwa kwa jina la mtu mwingine, na mama mkwe hakusema lini atapokea jingine. Hamgombezi mkwewe, anamwekea chakula, anaitikia shikamoo. Jioni, akishafunga kompyuta, Vaileth huenda mpaka mlango wa jikoni ambako mtoto wake anacheka na bibi yake, akasimama nje ya kizingiti, akajikohoza taratibu. Ndani wanamsikia. Mama Elinipa anaendelea kuchambua mboga.